Fritz Pollard alitangulia kwa miaka 68
Makala yenu inamtaja Art Shell, 1989, kuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi NFL, ligi kuu ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani. Sivyo. Fritz Pollard, naye mweusi, aliinoa timu ya Akron Pros ya ligi hiyo mwaka 1921 huku mwenyewe akicheza. Msimu wa 1920 timu hiyo ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo: ushindi 8, sare 3.

Pollard alikuwa na kilo 75 hivi, na wapinzani walimrukia hata akishaanguka, wamuumize. Dawa yake: akigusa nyasi tu, anajibiringisha chali, anakunja magoti, njumu juu. Anayejirusha anakutana na meno ya kiatu.

Kisha kuanzia 1934 hadi 1945 ligi haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na jina lake likafukiwa. Aliingizwa Ukumbi wa Magwiji wa mchezo huo 2005, miaka 19 baada ya kufariki. Inauma sana. Mhariri, tafadhali rekebisheni.