Dhamana na kifungu cha 148(5): nani anaamua mshtakiwa akae rumande?

Mshtakiwa wa mauaji akipandishwa kizimbani kwa mara ya kwanza katika mahakama ya hakimu mkazi, shughuli yote huisha ndani ya dakika chache. Wakili wa serikali anasoma hati ya mashtaka. Hakimu anamwambia mshtakiwa kuwa hatakiwi kujibu lolote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, unaomba tarehe nyingine, kesi inaahirishwa. Wiki mbili baadaye maneno ni yale yale. Dhamana haizungumzwi, maana sheria imeshaikataa kabla mshtakiwa hajafika mahakamani.

Sheria yenyewe ni kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania Bara, Sura ya 20 (natumia namba za vifungu kama zilivyo kwenye kesi nitakazozitaja). Aya yake ya kwanza inaorodhesha makosa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, biashara ya dawa za kulevya, ugaidi, utakatishaji fedha na mengineyo. Aliyeshtakiwa kwa lolote kati ya hayo, polisi hawaruhusiwi kumpa dhamana, na mahakama pia hairuhusiwi. Aya zinazofuata zinamtazama mtu: aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka mitatu, aliyewahi kuruka dhamana, au ambaye kwa usalama wake mwenyewe ni afadhali abaki ndani. Tofauti hiyo ni kubwa. Katika aya hizi za chini mahakama inapima historia ya mtu na hali yake. Katika ile ya kwanza inasoma jina la kosa tu, na ikishalisoma kazi yake imekwisha.

Upande wa pili iko Katiba ya 1977. Ibara ya 13(6)(b) inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Ibara ya 15(2) inaruhusu mtu kunyimwa uhuru wake katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Mvutano wote wa miaka zaidi ya 30 umesimama juu ya neno hilo moja, utaratibu.

Mwaka 1991, katika kesi ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikibatilisha kipengele cha (e) cha kifungu hicho, kama kilivyokuwa wakati huo, kilichokataza dhamana pale kosa lilipohusu shambulio kubwa au tishio la nguvu dhidi ya mtu mwingine, au kuwa na silaha ya moto au kilipuzi. Hoja ilikuwa kwamba kipengele kilizuia dhamana bila kuweka utaratibu wowote ambao mahakama ingeufuata. Mwaka 2018, katika kesi ya Jeremia Mtobesya, mahakama hiyo hiyo ikakiondoa kifungu cha 148(4), kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yenye saini yake. Halafu ikaja kesi ya Dickson Sanga. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) kinavunja Katiba, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Kifungu kikabaki.

Wanaokitetea wana hoja, na si haki kuwapita haraka. Adhabu ya mauaji ni moja tu, kunyongwa. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kima cha chini cha miaka 30 jela. Mtu anayetazamana na adhabu ya namna hiyo ana kila sababu ya kuvuka Namanga, Sirari au Tunduma usiku, na dhamana ya shilingi milioni tano haitamrudisha. Mfadhili wa dawa za kulevya anaweza kuihesabu fedha ya dhamana kuwa gharama ya biashara. Kijijini hali ni ngumu zaidi, kwa sababu shahidi na mshtakiwa huteka maji kisima kimoja. Ndugu wa marehemu wakimwona mtuhumiwa sokoni juma moja tu baada ya maziko, si wote watakaosubiri hukumu, na aliyepewa dhamana anaweza kuuawa na wenye hasira.

Ipo na hoja ambayo mawakili wa utetezi huwa hatuitaji sana. Katazo la moja kwa moja humlinda hakimu. Asipokuwa na uwezo wa kutoa dhamana, hakuna wa kumpelekea bahasha wala kumpigia simu ya vitisho usiku. Anayefanya kazi peke yake katika wilaya ya mbali anaijua thamani ya kinga hiyo.

Hata hivyo, hoja zote hizo zinahusu mtu atakayekimbia, atakayetisha shahidi au atakayedhuriwa. Haziwezi kumhusu kila aliyeandikwa kwenye hati ya mashtaka, na hapo ndipo naachana na watetezi wa kifungu. Hati ya mashtaka inaandikwa na upande mmoja wa kesi. Mahakama ya Rufani ilipokiondoa kifungu cha 148(4), saini ya mwendesha mashtaka ilikoma kumfunga mtu nje ya dhamana. Chini ya 148(5) saini hiyo bado inafanya kazi ile ile kwa njia ya kuchagua kosa la kuandika.

Utakatishaji fedha unaonyesha jambo hili waziwazi. Wizi, kughushi au kukwepa kodi ni makosa yanayodhaminika. Ukiongeza shtaka moja la utakatishaji juu yake, dhamana inafungwa kwa kesi nzima. Aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), Jamal Malinzi, alifikishwa mahakamani Juni 2017 kwa mashtaka yaliyochanganya kughushi na utakatishaji. Julai 2019 Mahakama ya Kisutu iliona kuwa hana kesi ya kujibu kwenye utakatishaji, na hapo ndipo dhamana ilipowezekana. Hukumu ya makosa yaliyobaki ilitoka Desemba mwaka huo, na adhabu ilikuwa faini, au kifungo akishindwa kuilipa. Takriban miaka miwili ya rumande ilikuwa imekwisha pita, kwa sababu ya shtaka ambalo ushahidi wake haukufika hata hatua ya kumtaka ajitetee.

Wengine hata hatua hiyo hawakuiona. Mfanyabiashara James Rugemalira alikaa ndani tangu Juni 2017 hadi Septemba 2021, DPP alipoiondoa kesi. Mashekhe wa Uamsho wa Zanzibar, walioshtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014, waliachiwa Juni 2021 kwa njia hiyo hiyo. Kifungu cha 91 cha sheria hiyo hiyo ya Sura ya 20 kinamruhusu DPP kuondoa mashtaka wakati wowote kabla ya hukumu. Mtu anatoka bila hatia na bila fidia, miaka saba imekwenda.

Jirani zetu wamejaribu njia nyingine. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49(1)(h), inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya kuridhisha, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kuinyima. Mshtakiwa wa mauaji naye huomba. Mara nyingi jaji huagiza ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye hufika nyumbani kwa mshtakiwa, huongea na familia ya marehemu, huuliza chifu kama kijiji kimetulia. Ombi linaweza kukataliwa, na hukataliwa, ila kwa sababu zinazoandikwa na kukatiwa rufaa. Uganda nayo imeweka saa: ibara ya 23(6) ya Katiba yao inataka mtu apewe dhamana akikaa siku 60 bila kesi kuanza, au siku 180 kabla ya kupelekwa Mahakama Kuu ikiwa kosa linasikilizwa huko tu. Saa hiyo ina tundu lake. Kesi ikishapelekwa Mahakama Kuu hesabu hukoma, kwa hiyo waendesha mashtaka hukimbilia kuipeleka kabla siku hazijatimia, kisha mtu akangoja tena.

Kwa Tanzania nadhani linalofaa ni kuibakiza orodha na kubadili matokeo yake. Aliyeshtakiwa kwa mauaji au ugaidi abebe mzigo wa kuishawishi mahakama kwamba hatakimbia wala kugusa mashahidi. Ombi lisikilizwe na jaji wa Mahakama Kuu, ili hakimu wa wilaya aendelee kuwa na kinga yake. Juu ya hapo iwekwe saa kama ya Uganda, isiyokoma kwa kuhamisha jalada. Mabadiliko ya 2022 yaligusa ugonjwa huu kwa kuzuia mashtaka kufunguliwa kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yaliachwa nje. Maana yake ni kwamba kinga imewekwa kwa wale ambao tayari walikuwa na dhamana.

Kipengele cha fedha, kilicho ndani ya kifungu hicho hicho cha 148(5), kinaumiza watu wengi kimya kimya. Kosa likihusu fedha au mali ya zaidi ya shilingi milioni 10, mshtakiwa anatakiwa kuweka nusu ya thamani, taslimu au kwa mali, na nusu iliyobaki kwa bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa. Mtunza stoo anayedaiwa milioni 24 ataweka milioni 12. Wakiwa washtakiwa watatu, kiasi hugawanywa kati yao, kwa mujibu wa uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Silvester Hillu Dawi, na kila mmoja anaweka milioni 4. Wapo waliokaa ndani kwa sababu hakuna aliyesimama kuomba mgawanyo huo. Wasio na taslimu huleta hati ya nyumba, na hapo hukwama: hati bado ina jina la baba aliyefariki na mirathi haijafunguliwa, au shamba ni la kimila na halina hati kabisa. Wengine hukwama kwa wadhamini. Barua ya serikali ya mtaa haina muhuri, au jina lililo kwenye barua halilingani na la kitambulisho cha NIDA. Ikiwa ni Ijumaa mchana, mtu analala gerezani hadi Jumatatu kwa ajili ya herufi moja.

Kwa mwenye ndugu aliye ndani leo kwa utakatishaji, pa kuanzia ni maelezo ya kosa yaliyo chini ya shtaka. Yanatakiwa kuonyesha fedha zilitokana na kosa gani, mshtakiwa alijuaje au alipaswa kujuaje, na alizifanyia nini ili kuficha zilikotoka. Mara nyingine maelezo hayo yanarudia tu kwamba fedha ziliibwa. Wakili aombe mahakama ilitazame shtaka hilo kabla ya kuahirisha, na pingamizi liandikwe kwenye mwenendo wa kesi hata kama linakataliwa siku hiyo.