Sikuanguka, Mtumbwi Ndio Ulioondoka

Kwa kuwa yule swahiba niliyesafiri naye keshairusha video ya mimi kutumbukia ziwani kwenye magrupu yote, mpaka grupu la harusi ya watu nisiowajua, acheni na mimi niseme upande wangu kabla sijageuzwa stika.

Kwanza, sikumwita mama. Nilivuta pumzi kwa sauti. Maziwa ya Boundary Waters, kule kaskazini mwa Minnesota mpakani na Kanada, mwezi Mei ndiyo kwanza barafu imeyeyuka. Ukitumbukia mle, kifua kinajivutia hewa chenyewe bila kukuomba ruhusa. Sasa kama hewa yangu ilitoka na M mbili na A mbili, hilo ni suala la kitabibu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kujidekeza. Maziwa zaidi ya 1,000, mengi injini ni marufuku, kwa hiyo unapiga kasia, unalala, unapiga kasia tena. Ziwa likiisha, mnatwika mtumbwi mabegani na kukatiza msituni hadi ziwa linalofuata. Njia hizo wanazipima kwa rod, kipimo cha mita 5 hivi, karibu sawa na mtumbwi wenyewe. (Haya yote nilisoma kabla ya kwenda. Ninyi mnaoandika “huyu hakujiandaa”, nawaona.)

Basi tukafika mahali pa kushukia. Mtumbwi wa kevlar, yaani wa nyuzi ngumu za viwandani, ni mwepesi ila hautaki kukwaruzwa na mwamba. Unausimamisha kabla haujagusa, unashuka majini, viatu vinalowa, maisha yanaendelea. Lakini mimi nilikuwa na buti mpya. Na pembeni palikuwa na jiwe bapa, kavu, linaniangalia.

Nyuma yetu babu na bibi wa Kizungu walikuwa wakingoja zamu yao, makasia magotini.

Nikatanguliza mguu wa kushoto. Ukatua juu ya jiwe, safi kabisa. Begi la nguo nimelikumbatia kifuani. Mguu wa kulia bado umo mtumbwini, nao mtumbwi ukaanza kuondoka. Polepole. Kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuamsha wenye nyumba.

Nikajikaza kwenye jiwe ili niuvute. Kumbe kadiri ninavyojikaza huku, ndivyo mguu wa kule unavyousukuma. Nikatazama chini: shubiri moja. Nikatazama tena: dhiraa. Suruali ikaanza kutoa maoni yake, trrr, ikanyamaza, halafu ikaendelea, trrrrr. Nikamgeukia swahiba wangu pale tezi. Kasia analo mkononi. Pigo moja tu la kusogea mbele na mimi leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Akaliweka kasia chini. Akatoa simu.

“Piga kasia!”

“Geuka kidogo, kaka, jua linanipiga.”

Nyonga yangu ya kulia ikaaga. Nimenyooka juu ya maji, daraja lisilo na mkandarasi, begi kifuani, bibi wa watu kaziba mdomo. Hapo ng'ambo ya ziwa akalia loon, yule ndege wa majini ambaye mlio wake wa kushtuka ni kicheko kitupu, kicheko cha mtu aliyepagawa. Akacheka mara moja, akasubiri, akarudia. Ndipo nikaenda.

Nilipoibuka, jaketi la kuelea limenipanda hadi masikioni, nikapiga mbizi, nikapiga makofi, nikapiga kila kinachopigika.

“Kaka, simama.”

“Nisimame vipi nami nazama?!”

“Simama tu.”

Nikasimama. Maji ya kitovu.

(Sehemu hii kwenye video kaipunguzia kasi. Mungu anamwona.)

Yaliyobaki ni mafupi: begi sikulifunga sawasawa, nguo zote chapachapa, suruali marehemu, moto ukawashwa, nikashinda ndani ya mfuko wa kulalia nimetoa kichwa tu. Samaki alivua yeye, akala na simu mkononi.

Siku zilizofuata tukapishana na wale wazee kwenye kila njia ya msituni. Ilikuwa tukifika pa kushukia tunamkuta babu keshatangulia kusimama majini. Anashika omo ya mtumbwi wetu kwa mikono miwili, haongei, anangoja mpaka miguu yangu yote miwili iwe nchi kavu. Halafu bibi anapiga makofi.