Hofu ya daktari wa meno: mtoto huipata nyumbani au kwenye kiti?

Kila inapozungumzwa hofu ya watoto kwa daktari wa meno hapa Mombasa, lawama huangukia nyumbani. Wahudumu wa kliniki husema mtoto huletwa akiwa ameshatishwa: mama alimwambia kwamba asipomaliza wali wake atapelekwa kudungwa sindano, kaka yake akamwonyesha kwa mikono ukubwa wa koleo, na shangazi akasimulia mbele yake jinsi alivyong'olewa gego akazirai. Wazazi nao, wakiulizwa, hujibu kwamba mtoto hakuwa na neno mpaka siku alipokalishwa kwenye kile kiti. Mabishano haya yana matokeo, kwa kuwa anayeshindwa ndiye anayetarajiwa kubadilika, na kwa muda mrefu aliyeshindwa amekuwa mzazi.

Hoja ya wahudumu si ya kupuuzwa. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Stanley Rachman alieleza kwamba hofu humwingia mtu kwa njia tatu: kuumizwa mwenyewe, kumwona mwingine akiogopa, na kuambiwa kwamba kitu fulani ni cha kuogopwa. Mbili kati ya hizo ni rahisi kuzikuta sebuleni. Utafiti wa David Locker na wenzake nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 1999, uliwauliza watu wazima wenye hofu hiyo ilianza lini, na asilimia 51 hivi wakasema ilianza utotoni. Hao ndio walioelekea zaidi kuwa na jamaa wenye hofu hiyo hiyo. Utafiti mwingine, uliofanywa Madrid kwa watoto 183 wa miaka 7 hadi 12 na kuchapishwa mwaka 2012, uliona kwamba hofu ya mama, ya baba na ya mtoto huenda pamoja, na kwamba hofu ya mama humfikia mtoto kwa kiasi kikubwa kwa kupitia hofu ya baba. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayemkemea mama peke yake kliniki huku baba hajaulizwa chochote.

Hata hivyo, katika maelezo hayo yote mtoto huonekana kama chombo kinachojazwa hofu za wengine, na hapo ndipo naona anadhulumiwa. Mtoto wa shule ana akili ya kupima yaliyompata. Nilimsindikiza mpwa wangu, mvulana wa gredi ya 3, pamoja na dada yangu, kutoka Likoni kwenda kliniki moja ya meno kisiwani. Alikuwa hajalala usiku mbili, shavu limevimba, na karafuu iliyosagwa ilikuwa bado imeshindiliwa kwenye tundu la gego. Hakuna aliyewahi kumtisha kwa daktari. Kwenye feri alihesabu malori, kisha akaniuliza: "Mjomba, ni kweli kile kiti kinapanda na kushuka chenyewe?" Alikipanda kwa hamu. Daktari alikuwa mpole, akamchoma sindano ya ganzi, akasubiri, akagusa ufizi. Mtoto akainua mkono. Akaongezwa sindano ya pili, wakasubiri tena, na koleo lilipoingia akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye benchi la nje, walikokaa watoto wengine watatu wakisubiri zamu. Mama yake alikuwa akimwambia wakati wote, "Nyamaza babangu, hakuna kinachouma." Tulipotoka, pamba ikiwa bado kinywani, alisema sentensi moja tu: "Mama, umeniongopea."

Wiki chache baadaye tulikuwa tunavuka tena, safari hii kwenda kununua viatu vya shule. Feri ilipofika upande wa kisiwani akaanza kulia na kunishika kanzu. Hakuna aliyekuwa ametaja meno. Kivuko chenyewe kilikuwa kimekuwa dalili ya maumivu, na hakuna mtu aliyemfundisha hivyo isipokuwa ile siku.

Kwa nini ganzi haikumshika vizuri? Jibu lake nadhani ndilo linalokosekana zaidi katika mjadala huu. Dawa ya ganzi hufanya kazi kwa kupenya utando wa neva na kuzuia ujumbe wa maumivu usipite. Ili ipenye, sehemu ya dawa lazima ibaki bila chaji ya umeme. Ufizi wenye uvimbe na usaha una tindikali nyingi kuliko ufizi mzima, na tindikali hiyo huigeuza sehemu kubwa ya dawa iwe na chaji, kwa hiyo inayofika ndani ya neva ni kidogo. Daktari anaweza kuongeza dawa, au kuidunga mbali kidogo na uvimbe ili kuzima neva kabla haijafika kwenye jino, lakini mara nyingi kazi huwa ngumu zaidi kuliko ingekuwa kwa jino lisilo na jipu. Maana yake ni kwamba mtoto anayefika kwa mara ya kwanza akiwa na shavu lililovimba hukutana na daktari siku ile ambayo daktari ana uwezo mdogo zaidi wa kumkinga na maumivu. Anachojifunza hapo ni kumbukumbu sahihi ya jambo lililotokea, na kumwita mdekaji ni kumlaumu kwa kukumbuka vizuri.

Upo ushahidi wa upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mwaka 1989 mwanasaikolojia Graham Davey alionyesha kwamba watu waliowahi kutibiwa meno mara kadhaa bila maumivu, kabla ya kupatwa na siku ya maumivu, hawakuelekea kubaki na hofu kama wale ambao maumivu yaliwakuta mapema. Ziara za kawaida huweka akiba. Mtoto mwenye akiba ya ziara tatu alizohesabiwa meno na kurudi nyumbani, akiumizwa siku ya nne, huiona siku hiyo kuwa mkosi. Asiye na akiba huiona kuwa ndiyo tabia ya mahali pale. Hapa pia ndipo hadithi za shangazi zinapopata nguvu, kwa sababu mtoto ambaye hajawahi kukiona kiti hana chake cha kuzipimia.

Kwa hiyo kosa la nyumbani lipo, ila si lile linalotajwa sana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 uliona kwamba karibu nusu ya watoto wa miaka 5 nchini Kenya walikuwa na meno yaliyooza. Katika mji ambao mtoto hupita kwenye mabuyu mekundu na achari kila atokapo shule, na jioni akitoka madrasa, hilo halishangazi. Kinachotuponza ni kauli tunayoitoa tukiliona tundu: "Si ni meno ya utotoni, yatang'oka yenyewe." Meno ya mbele hung'oka mapema, ni kweli. Magego ya utotoni hubaki mpaka miaka 10 hadi 12, kwa hiyo tundu linaloonekana kwa mtoto wa miaka 6 lina miaka minne hadi sita ya kuchimba kabla jino halijang'oka lenyewe, na katika muda huo ndipo jipu hutokea. Nasema hivi bila kuwashutumu wazazi, kwa maana najua anayeishi kwa kibarua huipoteza siku nzima ya kazi kwa jino moja, na nauli na ada ya kliniki havingoji mwisho wa mwezi.

Wahudumu hujibu kwamba hawawezi kupokea watoto wasioumwa wakati wenye majipu wamejaa kwenye mabenchi. Jibu hilo ni la haki, lakini halifungi mlango. Katikati ya miaka ya 1980 daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza nchini Tanzania mbinu ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu na kuziba tundu kwa saruji maalumu ya meno, bila mashine inayolia, bila umeme na mara nyingi bila sindano. Mbinu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mahali pasipo na vifaa vingi, na inaweza kufanyika darasani. Vilevile kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, iliyoingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo hupakwa kwenye tundu na kusimamisha uozo, ingawa huliacha jino na weusi ambao mzazi lazima aelezwe mapema. Mambo haya mawili yakimfikia mtoto wa gredi ya kwanza shuleni kwake, watapungua wanaojaa kwenye mabenchi, na kiti kitakuwa kitu alichokizoea kabla hakijamuumiza.

Jambo dogo zaidi halihitaji fedha yoyote. Mzazi asiseme "haiumi." Aseme atachomwa, itauma kama kuumwa na siafu, kisha mdomo utakuwa mzito, na akitaka kupumzika ainue mkono naye daktari atasimama. Halafu ahadi hiyo ya mkono itimizwe. Mpwa wangu aliinua mkono siku ile na akasikilizwa mara ya kwanza. Ukelele ulikuja aliponyanyua mkono mara ya pili na koleo likaendelea.

Tulimrudisha miezi sita baadaye, kwa makubaliano na daktari yule yule kwamba hatafanyiwa lolote. Alilia kwenye feri, kidogo kuliko siku ya viatu. Alipanda kitini mama yake akiwa amemshika mguu, akapewa kioo kidogo akishike mwenyewe, akahesabiwa meno kwa sauti mpaka 23. Daktari alimwambia ashuke. Aliuliza kama ni hivyo tu, akaambiwa ni hivyo tu, akabaki amekaa kwa muda akiutazama mlango kabla ya kushuka.