Shika Kama Kifaranga

Mpare akioa Uchagani ajue kabisa atataniwa mpaka uzeeni. Mimi nimeshazoea. Nikichelewa kutoa pochi, mashemeji huulizana ufunguo wake anao nani. Na mimi huwajibu kwamba Mchaga akizimia hatuhangaiki na daktari, tunadondosha sarafu sakafuni, akiwa mzima ataamka mwenyewe. Tunacheka, tunakula, maisha yanaendelea.

Pasaka ile utani ulihamia kwenye vidole vyangu.

Shemeji mkubwa, kaka yake mke wangu, alikuja Moshi kutoka Dar kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu. Kwenye buti ya gari alikuwa na mfuko wa gofu wenye fimbo kumi na nne. Kumi na nne ndiyo idadi ya juu inayoruhusiwa na sheria, na shemeji ni mtu akiruhusiwa kitu anakichukua chote. Jumatatu ya Pasaka, tumemaliza chai na maandazi ya mama mkwe, akaniambia, "Shemeji, leo acha spana. Twende nikakufundishe mchezo wa watu wazima."

Hapo kwenye spana naomba nieleze kidogo, maana kesi yote imeanzia hapo. Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Majengo. Kazi yangu kubwa ni kukaza. Nati ya gurudumu nikiikaza mimi, fundi mwingine akitaka kuifungua lazima aongeze bomba kwenye spana na amwite mwenzake amsaidie kukandamiza. Wateja wangu wanaosafiri kwenda Same na Korogwe wanalala usingizi kwa sababu ya mikono hii. Sasa mtu wa namna hiyo unampa fimbo nyembamba yenye mpini wa raba, halafu unashangaa akiikamata ikamatike?

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ya masika ilikuwa imenyesha sana. Mlima hauonekani, nyasi zimelowa, manyunyu hayajakoma. Uwanjani tulipewa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, mzee wa makamo aliyevaa gamboti, na kwa maoni yangu yeye ndiye mtu pekee pale aliyekuwa anajua mpira unakwenda wapi kabla haujapigwa.

Shemeji akaanza somo. Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilale juu ya mkono wa kushoto, kwenye bonde kati ya kidole cha shahada na cha kati. Huo, akasema, ndio mshiko wa Vardon, umepewa jina la Harry Vardon wa kisiwa cha Jersey, aliyetwaa British Open, mashindano makubwa ya gofu, mara 6 kati ya 1896 na 1914. Nikajaribu. Kidole changu kidogo kiliwahi kubanwa na jeki, hakilali popote. Akasema basi nipachike, kidole kidogo kiingiliane na cha shahada, ndivyo wanavyoshika mabingwa Jack Nicklaus na Tiger Woods. Nikapachika. Vikaingiliana, na vikakataa kuachana. Ikabidi kedi asaidie.

Nikapiga mpira wa kwanza. Ulikwenda, nisidanganye, ila ulikata kona kulia ukaingia kwenye michongoma. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikwenda kulia zaidi, nikamsikia mtu huko anauliza kwa ukali ni nani anacheza.

Kedi alikuwa hatazami mpira. Alikuwa anatazama shingo yangu.

"Bosi, wewe ni mtu wa wapi?"

"Usangi."

Akaguna kwa kuridhika. "Nilijua. Mpare, legeza bwana! Hiyo siyo hela."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani mabichi na suruali yake nyeupe. Alipopata pumzi, kedi akanieleza vizuri, na maelezo yake sina ugomvi nayo. Ukikaza viganja, misuli ya mikono inakaza hadi kwenye kiwiko, na kifundo cha mkono hakikunjiki wala hakijikunjui. Kichwa cha fimbo kinafika kwenye mpira kikiwa kimechelewa kugeuka, uso wake umefunguka, basi mpira unatoka na mzunguko wa kuukimbiza kulia. Halafu hauendi mbali, kwa sababu nguvu umeitumia kunyonga raba badala ya kuzungusha chuma.

"Kuna kipimo," shemeji akadakia. "Moja mpaka kumi. Moja, fimbo inadondoka. Kumi, unaikaba koo. Wewe shika tatu, nne hivi."

"Na sasa niko ngapi?"

"Wewe umetoka nje ya kipimo."

Halafu akaleta hadithi ya Sam Snead, Mmarekani aliyeshinda mashindano 82 ya PGA Tour, msururu wa gofu ya kulipwa wa Marekani, rekodi ambayo Tiger Woods aliifikia mwaka 2019. Snead anasifika kwa kuwaambia watu washike fimbo kana kwamba wameshika ndege mdogo: asife, wala asiruke. Kedi akaifupisha ili iingie kwenye kichwa cha fundi. "Shika kama kifaranga."

Nina swali kwa wote wanaofundisha kwa kutumia kifaranga: mmewahi kukishika? Sisi tuliokulia milimani na kuku uani tunajua. Kifaranga ukimbana, analia. Ukimlegezea, anachoropoka. Na akichoropoka, au akilia, mama yake yupo nyuma yako na ameshatandaza mabawa. Kwa hiyo hakuna namna ya kumshika kifaranga ambayo mtu anabaki salama. Niliyasema haya yote pale pale. Kedi akataka kuongeza kitu kuhusu vidole, lakini mimi nilikuwa bado niko kwenye kuku, na nyuma yetu kuna watu wanne wanasubiri zamu chini ya miamvuli. Shemeji akasema tusipoteze muda, akanipa draiva yake.

Draiva ndiyo fimbo ndefu kuliko zote, ya kupigia mpira wa kwanza kwenye shimo refu. Ile ya shemeji ilikuwa mpya, kichwa cheusi kinang'aa, na alinikabidhi kwa mikono miwili.

Sasa pigeni hesabu. Manyunyu yanaendelea na mpini wa raba umelowa, hakuna aliyeupitisha taulo. Glavu ya kushoto niliyoazimwa ni kubwa, ukikunja ngumi inabaki na nafasi ya mgeni. Mkono wa kulia bado una mafuta ya maandazi, kwa sababu nilifuta vidole kwenye suruali na kitambaa cha suruali ya sikukuu hakinyonyi. Juu ya hayo yote, nimeambiwa kifaranga. Nami nikiamua kutii, natii.

Nikaisogeza fimbo nyuma taratibu. Nikageuza mabega. Nilijisikia mwepesi ajabu, nikaelewa kwa nini watu wanaacha familia zao Jumamosi. Nikashusha kwa nguvu zangu zote.

Nilimaliza mzunguko vizuri sana. Shemeji mwenyewe anakiri. Mikono ilifika juu ya bega la kushoto, kiuno kimegeuka, kisigino cha kulia kimenyanyuka, kifua kinatazama bendera. Ungepiga picha ungeitundika ukutani. Ilikosekana fimbo tu.

Mpira ulikuwa bado umekaa juu ya kijiti chake.

Kedi alipiga ule ukelele wa uwanjani, "Foo!", unaoonya kwamba mpira unakuja. Wale wa kwenye miamvuli wakainama na kufunika vichwa, wakisubiri mpira. Ikapita draiva, inazunguka, inavuma, ikiwaacha kwa mbali kidogo upande wa kushoto. Mmoja akafunua uso, akauliza, "Ile ni nini?" Ikapiga tawi, ikabadili mawazo, ikatumbukia kwenye mfongo.

Asiyejua mifongo, ni mifereji ambayo mababu wa Kichaga waliichimba kuteremsha maji kutoka mlimani mpaka kwenye vihamba vyao, mingine ina umri wa karne kadhaa na bado inapitisha maji. Wakati wa kiangazi unaweza kuruka mfongo bila kulowa. Mwezi wa nne hapana, maji ni mengi, mekundu, na yana safari.

Nikamtuliza shemeji. "Usijali, chuma hicho, kitazama pale pale. Tutakiokota."

"Hakizami," akasema. Uso ulikuwa umempauka.

Na kweli. Kichwa cha draiva kwa macho ni bonge la chuma, lakini ndani ni kitupu. Sheria inaruhusu kiwe na ujazo wa mpaka sentimita za ujazo 460, karibu nusu lita, na fimbo nzima ina uzito wa gramu mia tatu na kitu tu. Ingekuwa fimbo ya chuma ya kawaida ingekwenda chini ikatulia. Draiva ya shemeji ilielea. Ilituonyesha kichwa chake cheusi, ikageuka kidogo, ikashika njia ya kwenda chini, nje ya uwanja.

Tukakimbia. Shemeji mbele na viatu vyake vya misumari, mimi katikati na glavu ya mkono mmoja, kedi nyuma na mfuko wa fimbo kumi na tatu unaogongana mgongoni. Tukapita penye upenyo wa ua, tukaingia migombani, tukaruka kahawa za watu. Mbwa wawili walitusindikiza. Katikati ya mbio ndipo shemeji aliponitajia bei ya ile fimbo, na akaniomba, kwa heshima ya ndoa yangu na ya kwake, nisiitaje kwa dada yake wala kwa mkewe. Sijaitaja. Niseme tu kwamba kwa pesa ile mimi nafunga injini.

Mfongo ukapinda, ukaingia kwenye kihamba kimoja, na hapo tukamkuta bibi. Amejifunga kanga kiunoni, amepanda juu ya kisiki chini ya mparachichi, anaangua maparachichi kwa draiva.

Tukasimama. Hakuna aliyethubutu kumkatisha. Alikuwa anaipeleka fimbo juu taratibu, anaikokota nyuma ya kikonyo, anaizungusha kidogo, parachichi linadondoka kwenye majani bila kuchubuka. Kila moja mkwaju mmoja.

"Tazameni mkono wa kushoto wa bibi," kedi akanong'ona. "Vidole vitatu vya mwisho vimebana. Gumba na shahada vimelegea. Kiganja hakikazi. Hiyo ndiyo, bosi. Hicho ndicho nilichotaka kukwambia kule juu. Fimbo inashikwa na vile vitatu, huko kwingine kote ndiko kulegeza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unahutubia kuhusu kuku."

Tukamwamkia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mnahema?"

Shemeji akaeleza kwa upole kwamba ile fimbo ni yake, imeletwa na maji. Bibi akaitazama juu na chini. Akasema alidhani ni kijiko cha kukorogea mbege cha kisasa, halafu akaona kinafaa zaidi huku juu. Wala hakubisha. "Kama ni yenu chukueni, mali ya mtu siyo yangu." Shemeji akaanza kushukuru. "Ila," bibi akaendelea, akishuka kisikini bila haraka, huku fimbo bado iko mkononi mwake, "haya maparachichi nimeyaangua kwa ajili ya wageni. Wageni wenyewe ndio nyie. Ndoo hiyo hapo. Elfu arobaini."

Pochi ya shemeji ilikuwa kwenye gari. Kedi akatazama juu kuangalia hali ya mawingu. Nikabaki mimi.

Nilifanya nilichoweza. Nilianza na elfu nane. Bibi akasema kwa elfu nane angenipa mbegu. Nikamwambia tumetoka kanisani jana, akaniambia hata yeye. Tulivutana hapo mpaka mbwa wakalala. Alikubali elfu ishirini na tano, ndoo yenyewe haimo kwenye bei, ndoo irudi. Alipopokea ndipo alipoachia fimbo.

Tulirudi uwanjani kimya, tumelowa, shemeji anaipangusa draiva kwa shati lake. Wale wa kwenye miamvuli walishapita zamani. Mpira wangu ulikuwa bado juu ya kijiti. Nikajiweka sawa, vidole vitatu vya kushoto vikiwa kazini, huko kwingine nimelegeza, nikapiga. Ulikwenda moja kwa moja katikati, mbali kuliko yote ya siku ile. Nikageuka kupongezwa.

"Mkwaju wa pili huo," shemeji akasema, anaandika kwenye kadi.

"Wa pili vipi? Ule wa kwanza sikugusa mpira!"

"Fimbo ilikuwa inashuka kwa nia ya kupiga. Umekosa, lakini umepiga. Unahesabiwa."

"Fimbo ilikuwa mfongoni!"

"Ilipokuwa inashuka haikuwa mfongoni."

Kedi akathibitisha kwamba kisheria shemeji yuko sahihi. Sikukubali. Tuligombana mashimo yote yaliyobaki, tukagombana kwenye maegesho, tukagombana ndani ya gari mpaka nyumbani, tukakubaliana jambo moja tu, kwamba baba mkwe ataamua, kwa kuwa mzee aliwahi kukaa baraza la kata na amesuluhisha mpaka kesi za mipaka.

Tulimkuta barazani na kikombe chake cha mtori. Shemeji akaeleza upande wake. Nikaeleza wangu, nikasimama kabisa kumwonyesha mzunguko ulivyokuwa. Mzee alisikiliza kwa makini, miwani puani, halafu macho yake yakatua kwenye ndoo iliyokuwa miguuni pangu.

"Hayo mmeyatoa wapi?"

"Tumenunua, baba."

"Mmenunua." Akageuka kutazama nyuma ya nyumba, ambako mparachichi wake umeinamia paa, na chini yake yameoza mpaka nguruwe wameyachoka. "Maparachichi. Mmenunua. Hapa Moshi."

"Ndiyo, baba."

"Shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Mzee akavua miwani, akaweka kikombe chini, akaomba tumrudishie hesabu hiyo polepole, tuanzie kwa bibi. Kesi ya mkwaju mpaka leo haijasikilizwa.