Si baridi iliyoua betri yako

Kila Aprili, theluji ikishayeyuka huku Minnesota na watu wakianza kufunua matrela yao ya kambi, kilio ni kile kile: "Winta imeniulia betri." Maskini winta, imekuwa kama shetani, kila kosa la mtu inabebeshwa yenyewe. Kisha mwenye trela anakwenda dukani, anatoa dola mia na kitu, anafunga betri mpya, na Oktoba ikifika anaifanyia yale yale aliyoifanyia marehemu.

Baridi haikuiua. Iliikuta tupu, ikamalizia.

Betri ya asidi iliyojaa chaji haigandi mpaka karibu nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri, na Minneapolis pamoja na ubaya wake wote hapafiki huko. Ikiishiwa chaji, ile asidi inakuwa imeshikana na sahani za risasi, na kinachobaki kwenye seli ni karibu maji matupu. Maji hayo yanaganda kwenye nyuzi 7 hadi 10 chini ya sifuri, yaani usiku wa kawaida tu wa Desemba. Barafu inatanuka, sahani zinapinda, ubavu wa betri unatuna kama kopo la samaki lililooza. Na hata isipoganda, betri iliyokaa tupu miezi mitano inaota fuwele ngumu za salfeti kwenye sahani, na hizo hazitoki kwa kuchaji usiku mmoja.

Sasa nani aliimaliza? Hapo ndipo nasikia jibu linalonipandisha presha: "Lakini nilizima swichi!" Swichi ipi? Hiyo ya karibu na mlango, kwenye matrela mengi, haikati kila kitu. Kigunduzi cha gesi mara nyingi kimeungwa moja kwa moja na betri, tena kwa makusudi, usije ukakizima ukalala huku mtungi unavuja. Redio nayo inadokoa kidogo kutunza saa na stesheni. Piga hesabu: vidude hivi vikila miliampea 100 kwa jumla, ni ampea-saa 2.4 kwa siku. Betri moja ya kundi la 24, saizi ya kawaida kwenye matrela, ina kama ampea-saa 80. Siku 33, kwisha. Trela umeliegesha mwisho wa Oktoba, kabla ya wiki ya kwanza ya Desemba kuisha umebaki na ndoo ya maji iliyofungwa kwenye chuma, inasubiri kuganda. Na swichi umezima, hongera.

Itoe betri kwenye trela kabla ya winta. Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Piga picha ya nyaya kwanza, hasa kama una betri mbili za volti 6 zilizoungwa kwa kufuatana (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine), maana Aprili hutakumbuka ule waya mfupi ulikuwa unakwenda wapi. Kama kuna sola, kata paneli kabla ya betri. Kidhibiti chake hakipendi kupokea jua bila betri nyuma yake. Kisha fungua hasi, halafu chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa fremu ya trela, utaona cheche za Mwaka Mpya mapema. Kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho.

Ile tope ya vumbi na asidi juu ya betri inapitisha umeme, kwa hiyo isugue kwa maji yenye soda ya kuokea, vizibo vikiwa vimefungwa kabisa. Soda ikidondokea ndani ya seli, inaiua asidi.

Kwenye maji, sisi tuliotoka nyumbani tuna kosa letu maalumu: betri ikipungua, tunaongeza asidi. Jamani, asidi haivukizi! Kinachopungua ni maji, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyotoneshwa, basi. Tena ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu wakati wa chaji maji yanapanda na yatamwagika. Sahani zikiwa wazi, zifunike kidogo tu kwanza, uchaji, ndipo ujazie.

Chaja iwe ile inayojipunguza yenyewe: inapanda mpaka karibu volti 14.4, ikimaliza inashuka kwenye 13.2 hadi 13.6 na kukaa hapo. Zile za bei ya chai zisizojua kuacha zitachemsha maji polepole winta nzima. Chajia gereji au mahali penye hewa, si chumbani, maana inatoa hidrojeni. Ikishatoka kwenye chaji, iache saa 12 ndipo upime. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikisoma 12.0, usijifariji.

Haya, nakubali kwa shingo upande: iliyojaa kweli, na waya wa hasi umefunguliwa, inaweza kubaki kwenye trela na isife. Baridi hata inapunguza kasi ya betri kujimaliza. Joto la Mombasa ndilo linaloila haraka. Lakini uende kuipima kila mwezi, na sote tunajua hutakwenda Januari.

Na wale wanaokwambia usiiweke betri kwenye sakafu ya zege kwa sababu inanyonya chaji, hiyo ni habari ya zama ambazo makasha ya betri yalikuwa ya mpira. Yamepita.

Betri ya lithiamu ni mila nyingine kabisa. Hiyo usiijaze: iache na nusu ya chaji au zaidi kidogo, ikate kwenye nyaya, na usiichaji ikiwa chini ya sifuri hata kwa dakika chache, kwa sababu lithiamu inajibandika kama chuma ndani ya seli na uwezo huo haurudi. Nyingi zina ulinzi unaokataa. Nyingi, si zote.

Na kama umeshachelewa ukaikuta ya asidi imeganda, usithubutu kuichomeka kwenye chaja, inaweza kulipuka. Ingiza gereji yenye joto, ipe siku mbili iyeyuke, kisha ikague ubavu. Ikiwa imetuna au imepasuka, ishike na glavu, iweke kwenye beseni la plastiki, uipeleke dukani wakurudishie amana yako, zile dola unazorudishiwa ukileta betri kuukuu.