Tochi Kila Kona

Corolla yangu, 110 ya mwaka 1998, ilikuja na redio yake ya Kijapani. FM inaanzia 76 inaishia 90, ndivyo kwao walivyopanga. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo miaka minne nimesikiliza stesheni mbili na kelele za shokapu. Ijumaa moja nikasema basi. Nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikanunua redio yenye bluetooth na tundu la flashi.

Soketi ya redio mpya haikuingiliana na ya gari. Fundi akazikata zote mbili, akabaki ameshika nyaya kama msusi katikati ya kazi. Ule mwekundu wa redio unataka umeme unaokuja ukigeuza ufunguo, na kwenye Toyota huo hupita waya wa kijivu. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile giza lilishaingia, taa za gari zinawaka, fundi anapapasa waya mmoja mmoja na testa. Akagusa wa kijani, testa ikawaka.

"Umeme huu hapa, bosi."

Akakata selotepu kwa meno, akafunga. Redio ikaunguruma, nikalipa na ya soda.

Kesho yake saa 11 alfajiri tukatoka Dar kwenda ukweni, Morogoro. Muziki safi. Kulipopambazuka, pale Mlandizi, lori likanipigia taa full. Nikajua mbele kuna tochi, trafiki wanapima mwendo. Nikashuka hadi 50. Hakuna trafiki. Kabla sijakanyaga mafuta, basi nalo likanipigia full.

"Leo wamejipanga," nikamwambia mama Neema.

Nimetambaa na 50 mpaka Chalinze, na kutoka Chalinze vilevile. Bajaji moja ikanipita. Kila dereva alinionya, wengine wakifumba na kufumbua vidole, nami nawapungia mkono: ahsante, ndugu yangu! Askari wa tochi sikumwona hata mmoja.

Tulifika saa 5. Nikachomoa ufunguo, redio ikaendelea kuimba. Nikafungua mlango, gari likalia tii-tii-tii.

"Unaona?" nikasema. "Hata mlango inaujua."

Mama mkwe, mjane wa dereva wa lori, alipokea shikamoo yangu huku macho yako mbele ya gari.

"Marahaba, baba. Mbona unamaliza betri?"

Akapitisha mkono dirishani, akasokota kile kijiti cha kulia kwa usukani. Taa zikazima. Na redio, kimya. Akasokota tena, mwimbaji akaendelea pale alipokatishwa. Akazima, kimya. Shemeji zangu walishakaa chini, wameshika mbavu.

Nikampigia fundi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakustuka hata kidogo.

"Kwani bosi, unarudi lini?"

"Kesho."

"Rudi usiku. Usiku haina shida kabisa."