Macho yako hayana kosa, taa ndiyo imekaa vibaya

Mtu akilalamika kwamba jioni haoni mshono vizuri, hupewa jibu lilelile: weka balbu yenye wati nyingi zaidi. Jibu hili linanikera sana. Limewafanya watu wengi wanaoshona nyumbani waamini kwamba macho yao yamekwisha, wakaacha kushona vitambaa vyeusi, wakaacha kwilti, yaani mablanketi ya vipande vidogo vya vitambaa vilivyoungwa pamoja, kumbe tatizo lilikuwa darini, nyuma ya mgongo wao.

Chumba cha kawaida kina balbu moja katikati ya dari, na meza ya cherehani imesukumwa hadi ukutani. Ukikaa kushona, balbu inabaki nyuma yako. Ukiinama kidogo, kichwa na mabega vinatupa kivuli palepale sindano inaposhuka. Sasa funga balbu kubwa mara mbili. Ukuta utang'aa, sakafu itang'aa, na penye sindano patabaki kivuli kilekile, tena kitaonekana kizito zaidi kwa sababu kila kitu kinachokizunguka kimeng'aa. Umeongeza mwanga kila mahali isipokuwa pale unapouhitaji.

Hakikisha mwenyewe usiku mmoja. Weka karatasi nyeupe chini ya mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa penye sindano, simamisha penseli kando ya sindano, kisha kaa na kuinama kama unavyofanya ukishona. Ukiona kivuli cheusi kinachotoka upande wako na kufunika karatasi, taa iko nyuma yako. Ukiona vivuli viwili au vitatu hafifu vya penseli vinavyoelekea pande mbalimbali, mwanga unatoka sehemu zaidi ya moja, na hapo ndipo unapotaka kufika.

Kwa wanaoshona kwilti jambo hili si la starehe. Mshono wa kwilti ni robo inchi, milimita 6 na kidogo. Ukishindwa kuona ukingo wa kitambaa na kuzidisha milimita 1 tu, mshono unakula milimita 1 kwa kila kipande, jumla 2. Unganisha vipande 10 katika mstari mmoja, una mishono 9, na umepoteza milimita 18. Mstari huo hautalingana na ulio chini yake hata uupige pasi mara ngapi. Watu hulaumu rula, hulaumu kitambaa kwamba kimevutika, lakini mara nyingi ukingo ulikuwa gizani.

Dawa ni kuuleta mwanga mbele yako na kuushusha. Kwa taa ndogo iliyo karibu, ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaoangukia kitambaa huongezeka mara nne. Taa ya mezani iliyo sentimita 80 kutoka kwenye sindano, ukiisogeza hadi 40, imekufaa kuliko balbu yoyote utakayofunga darini. Kiwango cha Ulaya cha taa za kazini, EN 12464-1, kinataka luksi 750 kwa kazi ya kushona; luksi hupima mwanga unaoangukia kitambaa, lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye balbu. Balbu ya LED ya lumeni 800, ile ya wati 8 au 9, ikiwa ndani ya kofia nyeupe inayorudisha mwanga chini na ikakaa sentimita 40 hadi 45 juu ya kitambaa, inaweza kufika hapo bila shida.

Upande nao una maana yake. Tumezoea kuambiwa taa ikae upande wa pili wa mkono unaoshonea, na kwa kushona kwa mkono ni kweli: anayetumia mkono wa kulia aweke taa kushoto, wa kushoto aweke kulia. Lakini mashine haijali mkono wako. Nguzo ya cherehani iko kulia, sindano iko kushoto, kwa kila mtu. Taa ukiiweka kulia, mwili wa mashine utaziba mwanga. Iweke kushoto, mbele kidogo ya sindano, kofia ikiwa chini ya usawa wa macho yako ili usiione balbu yenyewe. Ukiiona balbu, mboni zinajibana, na kitambaa kinarudi kuwa giza.

Kisha kuna ile nafasi iliyo chini ya mkono wa mashine, kati ya sindano na nguzo, ambako furushi la kwilti hupita likiwa limekunjwa. Hapo taa ya mezani haifiki. Bandika utepe wa LED wa volti 12 chini ya mkono huo. Sentimita 25 au 30 zinatosha, na adapta ya ampea 1 inaumudu bila kupata moto. Kwanza futa chuma kwa spiriti. Cherehani hutoa mafuta, na gundi juu ya mafuta haikai hata wiki. Waya upitishe nyuma na kuufunga vizuri, mbali na gurudumu la mkono na mkanda. Mashine yako kama bado ina balbu ya zamani ya wati 15, ibadilishe kwa ya LED yenye kitako cha aina ileile na volti zilezile. Ile ya zamani inachoma vidole ukitunga uzi, na mwanga wake wa manjano hausaidii kitu kwenye kitambaa cha bluu.

Taa ya darini bado inahitajika, nakubali. Ukishona chini ya taa moja ya mezani katika chumba cheusi, macho yanahangaika kila unapoyainua kutafuta mkasi, na uchovu huo ndio unaoleta maumivu ya kichwa. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosheka na tyubu 3 za LED za sentimita 120, kila moja yenye lumeni 2,000 hivi. Usizipange katikati tu. Moja ipite juu ya ukingo wa mbele wa meza ya cherehani, sambamba nao, isikae mgongoni kwako. Kwa kuwa tyubu ni ndefu, kivuli chake ni laini.

Sasa rangi, ambako maboksi ya balbu yanatupotosha zaidi. Namba ya Kelvini inaeleza tu kama mwanga ni wa manjano au wa samawati. Haisemi kama rangi zitaonekana kwa uaminifu. Hiyo ni kazi ya CRI, alama ya uaminifu wa rangi ambayo kilele chake ni 100. Balbu nyingi za madukani zina CRI ya 80. Kwa kula na kuzungumza inatosha, kwa kuchagua uzi haitoshi. Tafuta 90 au zaidi. Tena CRI ni wastani wa sampuli 8 za rangi zisizokolea, na nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo katika wastani huo. Ndiyo maana chini ya balbu ya 80 kitambaa cha damu ya mzee huonekana kahawia, na nyuzi mbili zilizofanana usiku huachana kabisa asubuhi. Boksi likitaja R9, chukua yenye 50 kwenda juu. Kelvini ziwe 4,000 hadi 5,000, na zilingane chumba kizima. Dari ya manjano na meza ya samawati hupa kila mkunjo rangi mbili. Uzi nao usiupime ukiwa kwenye kigurudumu chake, kwani hapo huonekana umekolea zaidi. Vuta unyuzi mmoja, ulaze juu ya kitambaa, karibu na dirisha lakini si juani.

Kuta ziwe nyeupe. Ukuta wa kijani hupaka kitambaa chako kijani.

Meza ya kukatia ina adui wake: rula ya plastiki. Taa ikiwa juu yake moja kwa moja, inang'aa kama kioo na mistari inapotea, na hapo kisu cha gurudumu kinakwenda pasipotakiwa. Tumia tyubu mbili, moja kila upande wa meza, ili mng'ao uanguke pembeni na usirudi machoni.

Balbu yoyote kabla hujaizoea, tikisa kalamu haraka chini yake. Ukiona kalamu nyingi zilizokatikakatika badala ya ukungu mmoja, balbu inapepesa. Kwenye umeme wa hezi 50, balbu mbovu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kichwa kinaumia, na sindano inayokwenda mbio inaweza kuonekana kama inakwenda polepole. Irudishe dukani.

Kuhusu umri, ndiyo, kuna ukweli. Mboni hupungua na lenzi huwa ya manjano, kiasi kwamba jicho la miaka 60 hupata takribani theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la miaka 20. Miwani ipimwe. Lakini miwani haiongezi mwanga, na mama wa miaka 60 anahitaji taa yake isogezwe karibu kabla hajaambiwa apumzike.

Na kufumua uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, kazi ambayo watu huiahirisha hadi mchana, inafanyika usiku. Zima taa ya darini. Laza taa ya mezani chini kabisa ubavuni, mwanga upite juu ya kitambaa karibu kugusana nacho. Geuza kitambaa mpaka mshono ukatize njia ya mwanga. Kila pindi la uzi litainuka na kivuli chake kidogo nyuma yake, na ncha ya kifumulio itajua pa kuingia.